Nimelipenda gari la umeme, lakini LUKU tunachangia wapangaji watatu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Bunju, na ni mhasibu katika ofisi moja huku Posta. Nimekusoma miaka mingi bila kudhani kuwa siku moja nitakuandikia, tena kuhusu gari. Wenzangu wanakuletea mambo ya ndoa na mawifi. Hili langu lilianza kama jambo la gari, sasa limeingia mpaka chumbani.

Naendesha IST namba D. Imenibeba vizuri lakini imechoka, kila mwezi ina dai lake: leo shokapu, kesho injini maunti. Alfajiri nawashusha watoto shule Tegeta, naendelea Posta, jioni narudi na foleni yote ya Mwenge. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 70. Ukijumlisha na mizunguko ya wikiendi, mafuta yananila karibu laki nne kwa mwezi.

Juzijuzi mwenzangu wa ofisini alinunua Nissan Leaf, akanipa lifti. Shangazi, lile gari halina kelele, AC inapuliza hata tukiwa tumesimama, na anasema sheli anapita tu anapunga mkono. Tangu siku hiyo sina amani. Nikamtafuta wakala anayeagiza magari Japani, akanipa hesabu mbili, zote mpaka gari linakabidhiwa na namba. Leaf ya umbo la zamani yenye betri ya 24 kWh ni milioni 17. Ya umbo jipya yenye betri ya 40 kWh ni milioni 32, na kwenye tangazo lake wameandika inakwenda kilomita 400 kwa chaji moja. Nikiuza IST napata milioni 9. Akiba ninayo milioni 8. SACCOS ya kazini iko tayari kunikopesha milioni 15 kwa miaka mitatu, makato karibu laki tano kwa mwezi. Nilivyopiga mimi, ile pesa ya mafuta ndiyo itakayolipa mkopo, kwa hiyo ni kama gari linajilipia lenyewe.

Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema kama lazima tubadilishe, tununue Aqua au Note ya e-Power, kwamba gari la umeme ni la watu wenye nyumba zao na jenereta. Miaka ya nyuma aliwahi kukopa akanunua bajaji, ikaharibika kabla ya deni kuisha, tukalilipa kwa shida sana. Nikimkumbusha kwamba hii ni tofauti, ananyamaza au anatoka nje.

Na kweli hatuna nyumba yetu bado. Tuna boma Mapinga, linapanda taratibu. Tulipopanga tuko wapangaji watatu kwenye LUKU moja, kila nyumba inachangia elfu ishirini kwa mwezi. Mama mwenye nyumba ni mtu mwema, ila nilimwona alivyonuna mpangaji mmoja alipoanza kupiga pasi za biashara. Nimewaza kuchaji usiku wakiwa wamelala, halafu mchango wangu niongeze elfu kumi bila kueleza sana. Umeme nao huku hukatika mara kwa mara.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Mama yangu yuko Muheza, ana presha na sukari. Nikipigiwa simu usiku kwamba amezidiwa, lazima niondoke saa hiyohiyo. Je, gari hili litanifikisha?

Nichukue lipi, Shangazi? Na mume wangu nianze naye wapi?

Mama Wawili, Bunju

*

Marahaba, mwanangu. Poleni na foleni.

Umeniuliza uchukue lipi, na nitakwenda na wewe gari kwa gari. Lakini katika barua yako mimi nimesoma maswali matatu yaliyofungwa kamba moja: gari litachajiwa wapi, deni litalipwa na nini, na mama akizidiwa utafika vipi. Haya yakikaa sawa, jina la gari halitakusumbua. Yasipokaa sawa, hata gari zuri litawagombanisha. Kabla ya kukujibu nilikaa na fundi umeme wa majumbani, na kijana mmoja anayehudumia magari haya hapa mjini, ili nisikupe maneno ya kusikia.

Nianze na LUKU, kwa sababu ndipo niliposhtuka.

Hizo kWh zinazoandikwa kwenye betri ndizo uniti zilezile unazonunua. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO majumbani, shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA unafika kama 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 hivi. Sasa, Leaf katika mizunguko ya mjini, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, inakula kama uniti 18 kwa kila kilomita 100. Mimi nimekukadiria kilomita 1,700 kwa mwezi. Hapo gari litahitaji uniti kama 306, yaani shilingi laki moja na elfu tisa hivi.

Ni nafuu kubwa kuliko laki nne za petroli, hilo halina ubishi. Lakini tazama upande wa pili. Nyumba zenu tatu zikichanga elfu ishirini ishirini mnapata elfu sitini, ambayo ni uniti 168. Gari lako peke yake litakula karibu mara mbili ya umeme wa nyumba nzima. Elfu kumi uliyowaza kuongeza ni uniti 28, na hizo gari litazimaliza katika siku mbili tatu. Mwanangu, jambo hili halifichiki. Wenzako wataona uniti zinavyoyeyuka kabla wiki haijaisha, na mtakosana na watu mnaochota nao maji. Sidhani uliwaza hivyo kwa ubaya, nadhani uliogopa kunyimwa. Ila kama unaogopa kuomba ruhusa ya kuchomeka, huenda moyo wako umeshaona kwamba hapa ndipo penye kazi.

Njia zipo. Unaweza kumwomba mama mwenye nyumba akuruhusu ufunge mita ndogo ya ndani, ile mafundi wanaiita sabmita, kwenye laini ya gari tu. Itahesabu uniti zako, nawe unazinunua zote mwenyewe, wengine wasiguswe. Au, akikubali, muombe mita ya pili ya TANESCO kwa jina lake au lako. Gharama yake inakuwa yako, na siku mkihamia Mapinga mita inabaki kwake, kwa hiyo liweke hilo kwenye hesabu. Au ulizia kazini kama kuna sehemu ya kuegesha yenye umeme, maana gari lako linashinda Posta kutwa nzima. Kila njia ina mtu wa kumwomba, na kila mtu anaweza kusema hapana. Ni bora usikie hiyo hapana kabla hujatuma pesa Japani.

Fundi umeme alinitolea kwenye begi lake soketi aliyoing'oa kwenye nyumba iliyokuwa ikichajia gari. Kwa mbele ilikuwa nyeupe safi. Kwa nyuma plastiki ilikuwa imegeuka kahawia, imejikunja, na waya umekakamaa mpaka unakatika ukiukunja. Pasi inatumika nusu saa, inazimwa. Gari linavuta umeme mwingi saa nne mpaka sita mfululizo, kila usiku, na soketi za bei ya chini hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Anasema laini ya gari iwe peke yake kutoka kwenye meni swichi, yenye breka yake na eathi ya kweli, na waya mnene. Yeye hupendelea wa 4 mm badala ya ule wa 2.5 mm wa soketi za kawaida. Kebo zinazokuja na magari ya Japani zina plagi ya kwao. Usikubali mtu akuungie kwa adapta ya dukani. Wanaolala nyumba hiyo ni watoto wako na wa wenzako.

Kukatika kwa umeme kunanitisha kidogo kuliko unavyodhani. Uzalishaji umeongezeka tangu Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lianze kutoa umeme mwaka 2024, ingawa laini ya mtaa au transfoma ikileta shida mtakaa gizani hata bwawa likiwa limejaa. Ila wewe hutajaza kutoka sifuri kila siku. Kilomita 70 zinahitaji kama uniti 13. Betri ikiwa na akiba ya siku moja mbele, usiku mmoja bila umeme hautakukwamisha. Isipokuwa akiba hiyo inategemea betri, na hapo ndipo magari yako mawili yanapoachana.

Ile kilomita 400 iliyoandikwa kwenye tangazo si uongo, ila imetoka kwenye kipimo cha zamani cha Japani kinachoitwa JC08, ambacho ni kipole sana. Gari hilohilo la 40 kWh Wamarekani walilipima wakapata maili 151, yaani kilomita 243, nalo likiwa jipya. Ishike hiyo 243, kisha punguza kwa umri wa betri. Bado kwa mizunguko yako inatosha, na siku inayofuata inakuwa na akiba.

Ya 24 kWh ni habari nyingine. Zile za 2014 na 2015 zilipimwa Marekani kilomita 135 zikiwa mpya, na za mwanzo zilikuwa chini ya hapo. Leo betri iliyobakiza asilimia 70 inakupa kama kilomita 95. Ukitoa 70 zako inabaki 25. Sasa weka siku ya mvua, foleni ya saa mbili na AC inafanya kazi, umepigiwa simu mtoto ana homa inabidi upitie hospitali. Si kwamba haiwezekani. Wapo wanaoishi nayo vizuri kwa sababu safari zao ni fupi, kutoka Sinza kwenda Kariakoo. Wewe unaishi Bunju, na betri hiyo itaendelea kupungua.

Tena itapungua kwa joto letu. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, inategemea hewa tu. Mwaka 2012 wamiliki wa Leaf huko Arizona, jimbo lenye joto kali nchini Marekani, walilalamika betri zao kuchoka mapema sana, mpaka Nissan ikapanua dhamana ya betri. Dar haifiki joto la kule, ila letu halina msimu wa kupumzika. Utakalochukua, usilijaze mpaka asilimia 100 likashinda juani Posta. Kwa safari zako, likiwa na betri nzima, 80 inatosha kwa siku za kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, mwambie wakala akuletee picha ya dashibodi gari likiwa limejaa. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vipande vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kipande cha kwanza kikizimika, tayari kama asilimia 15 imekwenda. Omba pia usomaji wa programu ya Leaf Spy, inayounganishwa na gari kwa kifaa kidogo na kuonyesha afya hiyo kwa asilimia. Vipande vinaweza kurudishwa kwa ujanja vikaonekana vimejaa, kwa hiyo kama gari liko hapa nchini, liendeshe. Lichukue likiwa limejaa, nenda Bagamoyo na urudi, uone lilichobakiza. Kijana wangu anasema wapo wanaokaa na wakala siku nzima wakibishana rangi ya gari, na swali la betri hawaulizi. Na uliza mwaka wa kutengenezwa. Gari lililofikisha miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu, likipita kumi ushuru huo unapanda zaidi. Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kipo mtandaoni, mtu yeyote anaweza kukifungua. Linganisha hesabu yake na ya wakala.

Sasa deni. Wewe ni mhasibu, nisikufundishe kazi. Ila ulipoandika kwamba pesa ya mafuta italipa mkopo, uliihesabu laki nne yote. Ukitoa laki moja na tisa ya umeme, unachookoa ni laki mbili na tisini hivi. Ongeza kidogo kwa oili na plagi za injini ambazo hutanunua tena. Makato ni laki tano. Laki mbili kila mwezi zitatoka mahali pengine kwa miaka mitatu, na nahofia mahali penyewe ni Mapinga. Huenda mmekubali boma lisubiri, hilo ni lenu. Lakini je, mume wako anajua kwamba ndicho kinachoulizwa? Bado sijaweka kazi ya fundi, mita na bima kubwa, ambayo mkopeshaji anaweza kuidai.

Ya milioni 17 haina deni, IST na akiba vinaitosha kabisa. Hilo ni zuri sana, na upande wake mbaya ni kwamba unabaki bila senti benki, ukiwa na betri iliyochoka na mama mgonjwa. Hapa sina jibu jepesi la kukupa.

Kati ya hizo mbili kuna za kuulizia. Leaf ya 30 kWh, iliyoanza na modeli ya 2016, ilipimwa kilomita 172 ikiwa mpya. Nissan Sakura, kigari kidogo cha watu wanne kilichotoka mwaka 2022 na betri ya 20 kWh, kinatajwa kwenda kilomita 180 kwa kipimo cha sasa cha Japani. Punguza kidogo na hapo, ila betri yake bado ni changa. BYD mpya, magari ya umeme ya Wachina, zina betri nzuri zinazovumilia kuchajiwa mara nyingi, lakini ukiona iliyotengenezwa kwa soko la China kwenyewe, fahamu usukani uko kushoto na plagi yake ni ya kwao. Leaf nayo kwa chaji ya haraka inatumia plagi ya CHAdeMO, ambayo watengenezaji wengi wameiacha. Ndiyo maana narudi palepale: chagua kana kwamba utachajia nyumbani tu.

Upande wa mume wako, naomba uniruhusu niulize. Unapomwambia hii ni tofauti na bajaji, una uhakika anapinga betri? Mimi ninaposoma habari ya mwanamume anayetoka nje deni likitajwa, naona mtu anayekumbuka alivyohangaika kulipa kitu ambacho hakipo tena. Huenda hata Leaf ikiwa nzuri kiasi gani, kwake milioni 15 ina sura ileile. Hoja yake kuhusu wenye nyumba zao pia si ya kupuuzwa, umeona hesabu za LUKU. Jaribu siku moja usianze na gari. Mwulize ile miezi ya kulipa deni la bajaji ilikuwaje kwake, msikilize mpaka amalize. Kisha weka karatasi mezani, uniti, makato, na Mapinga, apige hesabu na wewe.

Na magari yake usiyakatae haraka. Aqua ni hybrid, yaani inachanganya injini ya petroli na mota ya umeme, kila fundi wa Toyota anaijua, na ukitaka kuiuza wanunuzi hawakosekani, jambo ambalo kwa Leaf bado ni gumu. Note ya e-Power wengi huiita gari la umeme, lakini haichajiwi popote. Injini ya petroli ndiyo inayozalisha umeme wa kuendeshea mota. Zote mbili zitakupunguzia laki nne yako bila kuifuta, na hazihitaji ruhusa ya mama mwenye nyumba. Hasara yake ni kwamba utaendelea kupanga foleni sheli, na hybrid ya zamani nayo ina betri yake inayochoka. Kuna na njia ya kusubiri: kuifanyia IST matengenezo ya maana, mkahamia Mapinga, na mafundi wanapovuta nyaya za nyumba yenu mkaacha laini ya gari kwenye ukuta wa maegesho. Hatari ya kusubiri unaijua kuliko mimi, ni laki nne kila mwezi, na boma ambalo huenda likachukua miaka.

Nimeiacha Muheza mwishoni kwa sababu ndiyo nzito. Kwa njia ya Bagamoyo na Msata, kutoka kwako ni zaidi ya kilomita 250. Hakuna Leaf kati ya hizo mbili itakayokufikisha kwa chaji moja, na usiku, ukiwa na hofu, si wakati wa kutafuta pa kuchajia Segera. Kwa hiyo ukichukua la umeme, safari hiyo iwe na mpango wake: dereva mnayemwamini mtaani mwenye gari la petroli, au ndugu wa kubadilishana naye gari kwa siku mbili, na pesa ya dharura isiyoguswa. Zungumza na huyo mtu sasa, siyo usiku wa simu. Lakini pia jiulize: simu hiyo ikija, mama anamhitaji nani katika saa ya kwanza? Wewe utakuwa barabarani saa kadhaa hata ukiwa na gari la aina gani. Je, kuna jirani mwenye bodaboda au bajaji anayejua pa kumpeleka? Ana bima ya afya? Dawa zake nani anahakikisha hazikatiki? Nadhani sehemu ya hofu unayoibebesha gari inaweza kupungua kwa kupanga mambo ya kule, kisha ukachagua gari la Bunju na Posta.

Anza na mama mwenye nyumba wiki hii, ukiwa na zile namba za uniti mkononi, na umwambie ukweli wote. Muulize pia kama atakubali fundi aje kutazama nyaya zake. Kisha niandikie alichosema, na utaje mwaka wa gari na vipande vya betri atakavyokuletea wakala, tuendelee kuanzia hapo. Mama namwombea afya, na baba watoto mpe salamu zangu.